Tone Likilala

Plastiki haina adabu ya kupokea.
Idondoshee maji: yanajikunja, yanakuwa shanga,
yanabingirika hadi ukingoni na kujiangukia.
Ipake gundi: itakauka juu juu,
kesho unaibandua kwa ukucha, nzima,
kama gamba la nyoka.

Ndelilio aliuleta kwenye kiroba cha sukari,
unyayo wake.
Anauza viatu vya mitumba Kiborloni.
Mguu wa kulia ni wake, wa kushoto ni wetu,
tuliuunda hapa karakana mwaka juzi,
na soli ya mpira imeng'oka mara ya tatu.
"Nauza viatu vilivyovaliwa Ulaya miaka kumi," akasema,
"soli zake zimo. Hii yenu
inabaki kwenye tope mbele ya wateja."
Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na msasa.
Tulikuwa na petroli, na pasi ya mkaa,
na aibu.

Elinami ndiye aliyeleta kalamu:
mrija wa kioo mwembamba kama bua la ngano,
waya wa shaba umeuzunguka mara mbili,
transfoma aliyoifungua kwenye televisheni ya chogo
iliyofia kwa shangazi yake Kibosho,
na mtungi wa argoni wa kuazima
kwa mchomelea mageti wa Majengo.
Akaachia gesi. Akapandisha umeme.
Mwali ukachomoza, urefu wa kidole cha mwisho,
rangi ya ua la mjakaranda,
ukizomea kwa sauti ya chini.

Nikasema, utauyeyusha.
Akatia kidole ndani ya mwali
na hakukitoa.
"Vuguvugu," alisema. "Pumzi ya ndama."
Nikatia changu.
Moto usiounguza, usio na moshi,
katika mji uitwao Moshi.

Hakuna tangi la kufyonzea hewa,
hakuna mashine ya mamilioni.
Hewa ni hii hii tunayoivuta, na vumbi lake.
Umeme unaipiga hewa mpaka inavunjika,
na vile vipande, vina njaa,
vinashukia plastiki na kuacha vishikio
visivyoonekana kwa jicho lolote.
Inabaki harufu tu,
ile ya bati baada ya radi.

Kiswahili kimekipa kila kitu uso:
meza ina uso, maji yana uso, hata dunia.
Sikuwahi kulifikiria hilo
mpaka nilipomwona kijana ameinama
anaunawisha unyayo uso.

Nikadondosha tone kwenye kisigino.
Lilisita.
Likalegea, likatandaa, likalala.
Ndelilio akainama na gongo lake kutazama.
"Sasa mbona limechoka?" akauliza.

Hapo umeme ukakatika, mtaa mzima.
Kisigino tayari, vidole havijaguswa.
Na plastiki ni sahaulifu, daftari langu linajua:
Jumatatu tone limelala,
Alhamisi limeinua kichwa,
Jumapili karibu shanga tena.
Kwa hiyo hatukungoja. Tukapaka gundi nusu,
tukabana kwa jiliwa, kwa mwanga wa simu,
Elinami akihesabu dakika kwa sauti
kama mtu anayepima dawa.

"Basi kisigino kimeokoka," Ndelilio alisema,
"vidole bado vipo duniani."
Akaondoka akicheka, soli ikipigapiga mbele
pa, pa, pa, mpaka getini.

Masika ilinyesha wiki saba.
Aliporudi, vidole vilikuwa vimeachama,
vimejaa mchanga na kipande cha muwa.
Kisigino kilikuwa kimya.
Nikakibana kwa koleo, nikaweka goti, nikavuta
kwa hasira za ile misasa yote.

Mpira ulichanika katikati.
Gundi haikuachia.

Nimetakiwa kulipa soli mpya.
Nimelipa.